Damu Yetu na Siri ya Malale

Neno mumiani bado lina nguvu katika mialo ya Ziwa Viktoria. Kila boti ya wataalamu wa afya inapotia nanga na masanduku yake ya barafu na vichupa vyenye vizibo vya rangi, hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba damu inakwenda kuuzwa, au inakwenda kutengenezwa dawa ya watu wengine. Sisi hatuwacheki wanaonong'ona hivyo. Mtu aliyechomwa sindano, akatolewa damu, kisha akaambiwa ahsante bila kuelezwa damu hiyo inakwenda wapi, hana budi kulijaza pengo hilo kwa fikra zake mwenyewe.

Leo, kwa hiyo, tunataka kueleza kwa kirefu kidogo jambo moja ambalo wataalamu wamelifanya kweli kwa damu ya binadamu: namna walivyoichuja plazma, yaani yale maji ya damu yenye rangi ya manjano, hata wakapata protini inayoua vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Tumelichagua jambo hili kwa sababu sehemu ya mizizi yake imo katika ardhi ya Shinyanga, na kwa sababu lingali linawahusu ndugu zetu wa visiwani pamoja na maofisa wa Serikali waliopewa dhamana ya afya yao.

Habari ya malale haihitaji kupambwa mbele ya watu wa Ziwa. Katika miaka 20 ya mwanzo ya karne ya 20, ugonjwa huo uliua watu wasiopungua 200,000 katika Uganda, hasa Busoga na kandokando ya ziwa. Visiwa vya Sese vilihamwa kwa amri ya Serikali ya kikoloni. Watu wakaacha migomba, makaburi na mitumbwi yao. Daktari Mjerumani Robert Koch alipiga kambi katika visiwa hivyo mwaka 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa kwa dawa yenye arseniki iliyoitwa atoxyl, na baadhi yao wakapofuka kwa dawa hiyo. Upande wetu nao haukusalimika. Mwaka 1922 malale makali yaligunduliwa Maswa, na katika miaka iliyofuata utawala wa Waingereza uliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, pamoja na sehemu za Biharamulo na Uzinza, na kuwakusanya katika makazi maalumu mbali na mapori. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo wakati huo. Wapo wazee ambao habari za kuhamishwa huko walizisikia kwa baba zao.

Lakini katika msiba huo lilikuwapo jambo la ajabu ambalo mfugaji yeyote aliweza kuliona. Ng'ombe akiumwa na mbung'o hukonda, manyoya yakamsimama, akafa kwa ugonjwa wa nagana. Alhali mchungaji aliyeumwa na mbung'o walewale katika pori lilelile mara nyingi hurudi nyumbani mzima. Kwa nini? Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran, yuleyule aliyekiona kimelea cha malaria mwaka 1880, alichukua maji ya damu ya binadamu akawadunga panya waliokuwa na vimelea vya nagana. Vimelea vikatoweka katika damu ya panya hao. Maji ya damu ya wanyama wengine aliowajaribu hayakufanya hivyo. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani ya damu ya mtu mna kitu kinachoua. Kitu gani, hakuna aliyejua, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kukitaja kwa jina bila ya ubishi.

Basi, kama damu ya mtu inaua vimelea vya mbung'o, malale ya binadamu yatoka wapi? Jibu ni kwamba vimelea hivyo ni ndugu wa ukoo mmoja, nao kwa darubini hawatofautiani hata kidogo. Mmoja hufa akikutana na damu ya binadamu. Ndugu zake wawili huvumilia: mmoja ni wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambaye huua polepole kwa miaka, mwingine ni huyu wa Afrika ya Mashariki, anayeua kwa majuma au miezi. Huyu wa kwetu hukaa pia katika miili ya ng'ombe na wanyama wa mwitu bila kuwasumbua sana. Mwaka 1958 alipatikana katika pongo huko Nyanza, Kenya.

Hapa ndipo Tinde inapoingia katika habari yetu. Msafiri wa basi kutoka Chato kwenda Dodoma huipita Tinde, pale njia inapogawanyika kwenda Shinyanga mjini na kwenda Nzega, na huenda asijue kwamba palikuwa na maabara ya malale iliyojulikana duniani. Idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika ilikuwa na makao yake Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Na Tinde ilishughulika na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1934 wataalamu wa Tinde walianza jaribio la subira kubwa: walichukua vimelea vya malale ya binadamu, wakavipitisha kwa kuumwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, na kutoka swala hadi swala, mwaka baada ya mwaka, ili wajue kama hatimaye vingesahau kumwambukiza mtu. Ripoti iliyotolewa mwaka 1955 ilisimulia miaka 18 ya kazi hiyo. Havikusahau.

Walijuaje? Walijua kwa sababu kila baada ya muda waliwaumisha watu kwa mbung'o hao, wakangoja kuona kama wataugua. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kupambanua kimelea kinachoweza kumdhuru mtu na kile kisichoweza. Kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Katika vitabu vya sayansi majina ya mabwana waliosimamia jaribio yanasomeka wazi; wale waliotoa miili yao wanatajwa kwa jina la jumla tu, kwamba walikuwa watu waliojitolea. Ni kiasi gani cha hiari alichokuwa nacho kibarua Mwafrika mbele ya bwana wake katika miaka ile ya 1930 na 1940, kila msomaji aamue mwenyewe. Sisi tunasema kwamba elimu ya leo juu ya protini hii inawadai watu wale heshima, na haijawalipa.

Mwaka 1970 wataalamu wawili, Rickman na Robson, waliuondoa mwili wa mtu katika kipimo hicho. Walichanganya vimelea na damu ya binadamu ndani ya kichupa, wakaviacha kwa muda katika joto la mwili, ndipo wakawadunga panya. Panya akiugua, vimelea vimeihimili damu ya mtu. Asipougua, vimekufa kichupani. Tangu hapo kazi iliyokuwa ikifanywa na mtu mzima ilifanywa na mililita chache za damu yake. Swali la Laveran likarudi kwa nguvu mpya: katika damu hiyo, muuaji ni nani?

Sasa tuieleze kazi ya kumtafuta, maana hii ndiyo inayofichwa na lile neno mumiani.

Damu iliyotolewa hutiwa dawa ya kuizuia isigande, kisha huzungushwa kwa mashine. Chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki plazma, ambayo ni zaidi ya nusu ya damu yote. Katika lita moja ya plazma mna protini za kila namna zipatazo gramu 70: za kubeba, za kugandisha, za kupigana na maradhi. Protini inayotafutwa ni miligramu chache tu katika gramu hizo 70. Mvuvi na afikirie gunia zima la dagaa ambamo mmetumbukia samaki mmoja wa aina nyingine, wa ukubwa uleule na rangi ileile, naye ameambiwa amtoe bila kumchubua magamba.

Bahati njema ni kwamba protini hii haisafiri peke yake. Imepachikwa katika punje ndogo mno za mafuta, zile ambazo daktari akimpima mtu wa shinikizo la damu huziita kolesteroli nzuri. Mafuta huelea, na hiyo ndiyo hila ya kwanza. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 1. Punje hizi zina uzito kati ya gramu 1.063 na 1.21 kwa kipimo hichohicho, yaani ni nzito kuliko maji, lakini ni nyepesi kuliko protini tupu. Baharia aliyezoea Ziwa Viktoria akienda Dar es Salaam ataona chombo kikielea juu zaidi katika maji ya chumvi. Wataalamu hufanya vivyo hivyo: huitia plazma chumvi ya potasiamu bromidi hata uzito wake ufikie 1.21 au kuzidi kidogo, kisha huizungusha katika mashine yenye kasi ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha na mchana kutwa. Mwishowe punje za mafuta huelea kama utando wa rangi ya machungwa, na protini nyingine zote huwa zimezama. Utando huo huchotwa polepole kwa bomba jembamba.

Chumvi hutolewa kwa kuutia utando ndani ya kifuko chenye vitundu visivyoonekana na kukitumbukiza katika maji safi ya dawa: chumvi hutoka, punje hubaki. Kisha hupitishwa katika bomba la kioo lililojazwa shanga laini zenye matundu. Punje kubwa, zisizoweza kuingia matunduni, hupita kando na kutoka mwanzo. Ndogo huingia na kutoka, huingia na kutoka, zikachelewa. Kinachotoka bombani hukingwa katika vichupa kwa zamu, kichupa kwa kichupa, na kazi yote hufanyika katika baridi inayokaribia ile ya barafu, maana protini ikipata joto huharibika kama maziwa.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyotupendeza zaidi. Shanga nyingine huvishwa kingamwili, yaani protini zilizofundishwa kukamata kitu kimoja tu na kukiacha kila kingine. Mchanganyiko ukipitishwa hapo, kile kinachotakiwa hunasa. Vingine huoshwa vikaenda zao. Halafu maji yenye ukali kidogo hupitishwa ili kukinasua.

Lakini mtaalamu atajuaje kwamba katika kuchuja kote huko hajamtupa muuaji na kubaki na mpita njia? Hapa hakuna mkato. Katika kila hatua hana budi kuchukua tone la kila kichupa, kulitia kwenye vimelea hai, kungoja saa kadhaa, na kutazama kwa darubini. Vimelea vikiendelea kuogelea, kichupa hicho si chenyewe. Vikivimba na kupasuka, ndicho. Kazi ya namna hii humchosha mtu macho na mgongo, na ndiyo maana ilikwenda taratibu. Mwaka 1978 Mary Rifkin wa Marekani alionyesha kwamba nguvu ya kuua imo katika zile punje za mafuta. Mwaka 1989 Stephen Hajduk na wenzake walionyesha kwamba imo katika sehemu ndogo tu ya punje hizo, na mwaka 1995 wakataja protini moja iliyomo humo, ambayo ni jamaa wa haptoglobini. Mwaka 2003 kundi la Brussels, Ubelgiji, likiongozwa na Etienne Pays, lilitaja nyingine, iitwayo apolipoprotini L1. Walipoiondoa protini hiyo katika maji ya damu, maji hayo hayakuua tena, walipoirudisha, yakaua.

Kwa miaka kadhaa wataalamu walishindana, huyu akitetea protini yake na yule yake. Siku hizi yakubalika kwamba zote mbili zina kazi, na mvuvi yeyote atauelewa mpango wake haraka kuliko msomi. Ile ya kwanza ni chambo. Kimelea hutamani madini ya chuma yaliyomo katika damu, nacho kina mlango wa kuyapokea. Huiona jamaa wa haptoglobini, hudhani amepata chakula, akaimeza punje nzima. Ndani ya punje hiyo mna ile ya pili, ambayo ndiyo ndoana. Ikifika katika kifuko cha kusagia chakula cha kimelea, hutoboa matundu. Maji huingia, kimelea huvimba hata kikapasuka. Hii ni kinga tunayozaliwa nayo, isiyongoja chanjo wala ugonjwa wa kwanza.

Na yule kimelea wa malale ya kwetu? Yeye amejipatia protini inayoikamata ndoana na kuifunga isitoboe. Siri yake hiyo imo katika jeni moja, iitwayo SRA, na kwa jeni hiyo leo mtaalamu aweza kumpima ng'ombe au mbung'o na kusema kama amebeba ugonjwa wa binadamu, pasipo kumtia mtu yeyote hatarini. Kile ambacho Tinde ilikitafuta kwa miili ya watu, sasa hupatikana kwa tone la damu ya mnyama.

Ushahidi wa thamani ya protini hii ulitoka mbali. Mkulima mmoja wa India aliugua mwaka 2004 kwa vimelea ambavyo kwa kawaida huwapata ngamia na farasi, si watu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba alizaliwa bila apolipoprotini L1 katika damu yake. Kwa kukosa kitu cha miligramu chache, akawa kama mnyama mbele ya kimelea.

Hata hivyo, haifai kuisifu kinga hii bila kutaja gharama yake. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana sura mbili tofauti kidogo za protini hii, na mtu akirithi sura hizo kwa baba na kwa mama pia, hatari yake ya kuugua figo huongezeka sana. Sura mojawapo, kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa Uganda na kutangazwa mwaka 2017, humkinga mtu na malale ya Afrika ya Mashariki. Sura hizi ni nyingi zaidi Afrika ya Magharibi kuliko huku. Dawa ya kuizuia protini hii kwa wagonjwa wa figo imekwisha kujaribiwa kwa watu, na matokeo ya awali yalitangazwa mwaka 2023. Wenye mamlaka ya dawa nchini, siku dawa kama hiyo itakapoletwa kuombewa kibali, yafaa waulize swali ambalo mtu wa nchi isiyo na mbung'o hawezi kulikumbuka: mgonjwa wa figo anayeishi kando ya pori, akizimiwa kinga yake, atakuwa na hali gani?

Tunayasema haya kwa sababu mbung'o hawajaondoka. Unguja waliwamaliza, mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996, baada ya kisiwa kumwagiwa kwa ndege madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga. Kisiwa kilichozungukwa na bahari kilisaidia. Sisi wa Chato tumezungukwa na vitu vingine: Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ambayo boti za Kasenda huifikia, na Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Tunazipenda hifadhi hizi na tunataka zistawi. Lakini pori linalomtunza pongo na nyati humtunza na mbung'o, na mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na malale.

Ni kweli kwamba ugonjwa umepungua mno, na wagonjwa wa malale ya aina yetu duniani sasa huhesabiwa kwa makumi au mamia machache kwa mwaka. Dawa nayo imekuwa bora. Zamani mgonjwa aliyefikwa na vimelea ubongoni alidungwa melarsoprol, dawa ya arseniki iliyowaua baadhi ya waliotibiwa. Sasa viko vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa Uganda na Malawi, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliviweka katika mwongozo wake. Lakini vidonge havimfai mtu ambaye ugonjwa wake haukutambuliwa, na hapo ndipo penye wasiwasi wetu.

Zamani kila mwenye homa alitobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo, na mpimaji akatazama kwa darubini akitafuta malaria. Mara nyingine, bila kutarajia, aliona kimelea cha malale kikichezacheza. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimeenea hata katika zahanati ndogo, nacho ni kitu kizuri, lakini hujibu swali moja tu. Mvuvi wa kambini, mkata kuni au mchimbaji wa dhahabu aliyepita porini akipimwa hivyo, akaambiwa hana malaria, akapewa vidonge vya kutuliza homa na kurudishwa kambini, aweza kufa kwa ugonjwa ambao darubini ingeuonyesha kwa dakika chache. Tunawaomba maofisa wa afya wa Chato na wa wilaya jirani zenye visiwa wahakikishe kwamba kila kituo kinachohudumia mialo na vijiji vya kando ya hifadhi kina darubini inayofanya kazi, na mtu anayekumbuka sura ya kimelea hicho. Na kwamba mwenye homa isiyo ya malaria aulizwe kama aliumwa na mbung'o, na ngozi yake itazamwe kama ina kidonda pale alipoumwa.

Ombi letu la pili ni kwa wote wanaokuja kuchukua damu kwa utafiti. Sheria za nchi zinawataka wapate kibali cha maadili cha taifa na ridhaa ya mtu mwenyewe, na kwa kawaida karatasi za ridhaa hutiwa sahihi. Tunalotaka ni zaidi ya sahihi. Warudi. Waje waeleze, kwa Kiswahili, na panapohitajika kwa Kisukuma na Kizinza, damu ile ilichujwaje, nini kilipatikana, nini hakikupatikana, na kilichobaki kimehifadhiwa wapi. Na mkutano huo wasiuitishe katika siku za giza, wavuvi wa dagaa wakiwa majini usiku kucha na usingizini mchana. Wauitishe wakati wa mbalamwezi, karabai zimezimwa na watu wote wakiwa nchi kavu.